Bi Dakika na Harufu ya Ghala la Mapipa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wa kiwanda cha mvinyo mliostaafu na mlio kazini, nasimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo na ina tarehe nyingi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuamini habari isiyokuwa na tarehe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ambako mama yetu alikuwa akifua mashuka, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto watano, na baba yetu alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa kurudi nyumbani na vipuri mfukoni na kuvipanga mezani kabla hajaosha mikono. Saa hiyo ya kuzaliwa tunaijua kwa sababu marehemu aliifuata mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mmoja, akaenda wodini kwa miguu, akamwomba mkunga amfungulie daftari la zamani, akaeleza kwamba mama anasema asubuhi, baba anasema mchana, na yeye hawezi kuishi na majibu mawili.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza Novemba 1964. Katika likizo ya mwaka 1962 mama alikamua juisi ya matunda, akaijaza kwenye chupa mbili na kuzifunga kwa vizibo, akazisahau karibu na jiko, na siku ya tatu kizibo cha chupa moja kiliruka kikagonga dari, sote tukacheka isipokuwa marehemu, ambaye aliichukua chupa ya pili, akatoa kizibo, akavisha puto mdomoni mwa chupa, akawa analipima puto kwa uzi kila baada ya saa moja na kuandika ukutani kwa kipande cha mkaa. Mama alipouona ukuta wake alimwambia, "We mtoto, juisi ni ya kunywa, si ya kupimwa," na marehemu akamjibu kwamba haiwezi tena kunyweka, ila bado inapumua, na angependa kujua itaacha lini. Iliacha siku ya sita. Ukuta ulipigwa chokaa upya siku ya saba, na aliyepiga ni yeye.

Alijiunga na shule ya sekondari ya bweni Januari 1965, akamaliza kidato cha sita mwaka 1970, na huko mwalimu wa kemia alichoka kumfungulia maabara kila Jumamosi, akaishia kumwachia ufunguo. Kuanzia mwaka 1971 hadi Desemba 1973 alisomea ufundi wa maabara, akahitimu akiwa mwanamke pekee katika darasa la watu kumi na wanane, jambo ambalo hakupenda litajwe, kwani alisema lililokuwa la ajabu zaidi ni kwamba darasa zima lilikuwa na darubini mbili tu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima maziwa katika kiwanda cha maziwa, tangu Februari 1974 hadi Juni 1976, na tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha mvinyo, chumba kimoja chenye sinki mbili na dirisha linalotazama uwanja wa kupokelea zabibu, akadumu kiwandani humo hadi alipostaafu. Hapo ndipo alipopata jina la Bi Dakika, kwa sababu wenzake waliandika kwenye daftari kwamba tangi fulani limepimwa asubuhi, yeye akaandika limepimwa saa mbili na dakika kumi na saba, na mkuu wa ghala alipomwuliza hizo dakika kumi na saba zinamsaidia nani, akamwambia, "Kaka, hamira haijui asubuhi yako inaanza saa ngapi."

Kwa wale ambao hamjawahi kuingia humo, zabibu zikishapondwa, hamira, ambayo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, hula sukari iliyomo kwenye juisi na kutoa pombe, gesi na joto, kwa hiyo tangi huchemka bila moto, na kazi ya marehemu ilikuwa kujua kila siku hamira imekula kiasi gani, imebakiza kiasi gani, na kama ina afya. Mwaka 1977 tangi namba saba lilinyamaza likiwa na sukari nusu nzima, wakubwa wakashauriana limwagwe, yeye akaomba siku tano, akaamsha hamira mpya kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akawa anaongeza kikombe kimoja cha ule mvinyo uliolala kila baada ya muda, ili hamira izoee pombe kidogo kidogo kabla ya kutumbukizwa kwenye tangi lenyewe, na siku ya nne tangi likaanza kutoa povu. Walipompongeza alisema kwamba hilo halijamfurahisha sana, kwa kuwa amejua namna ya kuliamsha na hajajua kwa nini lililala.

Mvinyo wenyewe hakuunywa. Aliuonja na kuutema tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho, na nyumbani alikunywa chai, na wageni waliokuja wakitarajia chupa waliondoka wameshiba maelezo.

Mume wake, ambaye amekaa hapa mbele, alikuwa na bado ni fundi mapipa. Walijuana mwaka 1978, marehemu alipokwenda karakana kulalamika kwamba pipa moja linavuja, akamkuta fundi akizungusha mbao juu ya moto ili zikubali kupinda, akasahau pipa linalovuja, akaanza kumwuliza kwa nini moto mdogo unaupa mvinyo harufu ya vanila na moto mkali unaupa harufu ya moshi, na fundi akamjibu kwamba baba yake alimfundisha kuchoma, hakumfundisha kuuliza. Marehemu alirudi kesho yake, na kesho kutwa, hadi mafundi wengine wakawa wakimwona mlangoni wanamwambia mwenzao, "Mkaguzi wako huyo." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1981, wa pili mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1984, na kitinda mimba, binti aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1988.

Mwaka huo wa 1988 tunauzungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndio uliomweka marehemu mahali pagumu kuliko yote aliyopitia.

Ilikuwa hivi. Tangu mavuno ya 1986 mvinyo wa kiwanda ulikuwa umeanza kufifia, haukuwa mchungu wala mchachu, vipimo vyote vya sukari, pombe na asidi vilikuwa mahali pake, lakini ukinusa glasi hukupata tunda, ulipata kitu kama ukimya, na wanunuzi wa mbali waliandika barua kwamba mvinyo umekufa, wakati watu wa ghalani waliuonja kila siku na kusema hauna neno. Mwanzoni mwa mwaka 1988 yalirudishwa malori mawili ya chupa. Meneja, ambaye alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, aliona kwamba mvinyo wa matangi ya chuma ulikuwa na nafuu na wa mapipa ulikuwa na hali mbaya, akafikia uamuzi kwamba ubaya uko kwenye mapipa, yaani kwenye mbao au kwenye moto wa fundi, na mwezi Julai, marehemu akiwa nyumbani na mtoto mchanga, fundi alisimamishwa kazi, mapipa sitini yakachomwa uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, na ikatangazwa kwamba mia moja na hamsini na mawili yaliyobaki yatachomwa tarehe 30 Septemba, na fundi atapewa barua yake siku hiyo hiyo. Mtu aliyejifunza kazi moja tu kwa baba yake, na jina lake limeandikwa kwa chuma cha moto kwenye kila pipa, akifukuzwa kwa sababu ya mapipa hana pengine pa kwenda.

Marehemu alirudi kazini Jumatatu, tarehe 15 Agosti 1988, baada ya likizo ya wiki kumi na mbili na siku nne, akafungua mlango wa ghala la mapipa, akasimama. Alisikia harufu ya kadibodi iliyolowa ikakaushwa kivulini, harufu ambayo hakuwahi kuisikia humo kwa miaka yote, akawauliza waliokuwa ndani, "Jamani, hamnusi?" Wakamwuliza wanuse nini. Akawaelezea. Mkuu wa ghala akavuta pumzi mara tatu, akasema, "Bi Dakika, uzazi umekuharibu pua, hapa pananuka mvinyo," na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akaanza kuona huenda wamesema kweli, maana baada ya dakika sita harufu ilikuwa imetoweka.

Dakika hizo sita alizipima. Kesho yake asubuhi harufu ilikuwepo tena, ikadumu dakika nne, na Jumatano ikadumu mbili na nusu, na hapo akaelewa kwamba harufu haiondoki, ila pua yake ndiyo inayoizoea, na kwamba akiendelea kuingia ghalani, kufikia wiki ijayo atakuwa kama wenzake, hatasikia chochote na atakula kiapo kwamba hakuna kitu. Alimwendea meneja, akamwomba apigwe marufuku kuingia ghalani. Meneja alimwuliza kama anataka kuacha kazi, akasema hapana, anataka kuiokoa pua yake, ndiyo pekee iliyobaki nzima kiwandani. Meneja akamwuliza kama ni pua inayosema au ni mke wa fundi, na marehemu akajibu kwamba swali hilo ni la haki, ndiyo maana asiaminiwe yeye, zitafutwe pua nyingine.

Pua zilipatikana mtaani kwake. Alichemsha maji safi, akayamimina katika glasi sita zilizoandikwa namba chini ya kitako, akaomba glasi moja iwekwe ndani ya pipa tupu ghalani, moja juu ya boriti za paa la ghala, moja maabara, moja ofisini, moja karakana ya mume wake kando ya mapipa mapya ambayo hayajawahi kuingia ghalani, na moja ikae jikoni kwake, zikakaa wazi kwa saa ishirini na nne, kwa kuwa maji hunywa harufu ya mahali yalipo. Halafu akazibeba hadi kibarazani kwa fundi cherehani, ambako majirani tisa walikuwa wamekusanyika, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga kiwandani.

Jaribio hilo la kwanza lilishindikana. Fundi cherehani alinusa glasi ya kwanza akasema inanuka kama sanduku la nguo za bibi yake, akanusa ya pili akasema sanduku lile lile, na ya tatu, na hata ile ya jikoni, kisha akamtazama marehemu, akamsogelea, akamnusa begani. "Shoga, usinichukie," alisema, "sanduku ni wewe." Marehemu alikuwa amevaa koti lake la maabara, lililotundikwa nyuma ya mlango wa ghala kwa miezi yote ya likizo. Wengine wangeona aibu, yeye alilivua pale pale, akalikunja, akaandika kwenye daftari kwamba harufu hushika nguo na hutembea na mtu, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Tarehe 23 Agosti walirudia, safari hii glasi zikibebwa na mwanafamilia aliyeoga na kuvaa nguo zilizoanikwa juani, na marehemu alikaa upande wa pili wa barabara asije akaziharibu.

Majirani tisa, mmoja mmoja, bila kuambiana, walizitenga glasi mbili. Ya kwenye pipa la ghalani ilikuwa na harufu, ya kwenye boriti ilizidi, mama mmoja akairudisha mezani haraka na kusema kwamba humo ndani kuna kiatu. Ya karakana, kando ya mapipa mapya, mbao zile zile, moto ule ule, fundi yule yule, wote tisa walisema ni maji.

Sasa alijua kwamba mapipa yalikuwa yanaipata harufu baada ya kuingia ghalani, na kwamba inashuka kutoka juu, lakini hilo kwake lilikuwa kama lile tangi la mwaka 1977, alijua wapi na hakujua kwa nini. Alichukua vipande vya mbao kutoka karakana, akavipanga katika mitungi ya kioo, vingine akavisafisha kwa maji matupu, vingine akavipaka ukungu uliokwanguliwa ukutani ghalani, vingine akavisafisha kwa klorini, dawa ya kuulia vijidudu, na kuviacha vikiwa vikavu, na viwili vya mwisho akavisafisha kwa klorini, akavipaka ukungu na kuviweka penye unyevu, akafunga mitungi yote tarehe 29 Agosti na kuifungua tarehe 19 Septemba mbele ya majirani wale wale. Mitungi yote ilikuwa shwari, isipokuwa miwili ya mwisho. Klorini ilikuwa imeungana na kitu kilichomo kwenye mbao, ukungu ukala ule muungano na kutema kitu kingine, kitu ambacho tone lake moja katika tangi kubwa linatosha kuziba harufu ya tunda lote, na kinachoziba pua ya anayekinusa pia, ndiyo maana ghala zima lilikuwa limenyang'anywa shahidi.

Klorini ilikuwa imeingiaje ghalani? Ilikuwa ikitumika kila Jumamosi kuoshea sakafu na boriti za paa, kwa mujibu wa agizo lililobandikwa mlangoni tarehe 11 Aprili 1983, baada ya ukungu kuenea, agizo lililoandikwa vizuri, lenye vipimo kamili vya dawa na maji na idadi ya dakika za kusugua, na lililotiwa sahihi na mkuu mpya wa maabara, ambaye ni marehemu.

Siku hiyo ya kufungua mitungi alirudi nyumbani mapema, saa nane na nusu mchana, akamweleza mume wake mezani, na binti yao mkubwa, aliyekuwa na miaka saba na alikuwa chini ya meza akifunga viatu, anayakumbuka waliyosemezana. Baba yake akasema, "Andika ni mapipa."

"Mapipa hayana kosa."

"Najua. Sitini yameshaungua, mimi nimeshaitwa mharibifu mtaa mzima, nimeshazoea. Wewe una maabara. Tukianguka wote wawili, hawa watoto watakula nini? Andika ni mapipa, mama, niachie mimi nibebe."

Marehemu hakulia wala hakumkumbatia, kwa maelezo ya binti yake aliuliza tu, "Halafu mwakani?" Fundi akauliza mwakani nini. "Mwakani utatengeneza mapipa mapya, tutayaweka chini ya boriti zile zile, tutaziosha kila Jumamosi kwa dawa ile ile, mvinyo utakufa tena, nao watamchoma nani?" Mume wake alisema hilo watalitafutia njia. Marehemu akasema njia ni moja, na hana nyingine aliyoiona, akaomba kalamu.

Taarifa aliiwasilisha Jumatatu, tarehe 26 Septemba 1988, siku nne kabla ya moto, ukurasa mmoja na nusu, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba kosa la kufifia kwa mvinyo ni agizo lake la tarehe 11 Aprili 1983, na kwamba fundi mapipa hahusiki. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena, akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote aliyekuwa na uwezo wa kuligundua hili. Marehemu akasema kwa sasa hakuna, labda wangejua baada ya miaka michache na maghala matatu ya mapipa. "Na bado umeniletea," meneja alisema. "Uliniuliza kama ni pua inayosema au ni mke wa fundi," akajibu, "nimeona nikuletee jibu."

Tarehe 1 Oktoba 1988 fundi alirudishwa karakana, na tarehe hiyo hiyo marehemu aliondolewa ukuu wa maabara na kupelekwa kwenye mstari wa kuosha chupa, ambako alisimama kwa miaka miwili na miezi minne, kwa viatu vya mpira, akipanga chupa mdomo chini, na waliofanya naye kazi wapo hapa, watashuhudia kwamba mwezi wa kwanza alikwishagundua ni chupa ngapi zinavunjika kila saa na kwa nini nyingi zinavunjika kabla ya chakula cha mchana. Boriti za ghala zilibomolewa zikawekwa za chuma, klorini ikapigwa marufuku hadi getini, mapipa yaliyokwisha kulowa harufu yakaondolewa yote, na mvinyo wa mavuno ya 1990 ulipofunguliwa, wanunuzi waliandika barua fupi kuliko zote walizowahi kuandika, wakiomba kuongezewa. Februari 1, 1991 meneja alimfuata mwenyewe kwenye mstari wa chupa, akamwambia kwamba amempata mpima mwenye vyeti vikubwa, kijana mzuri, hampi taabu yoyote, na sasa anamtaka yule wa kumpa taabu.

Alirudi maabara, akaongoza hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2011. Katika miaka hiyo ishirini alifundisha wapima thelathini na mmoja, na aliacha utaratibu ambao kiwanda kinaufuata hadi leo, kwamba kila baada ya miezi sita aitwe mtu wa nje, mwalimu, dereva, muuza duka, yeyote asiyejua mvinyo, aingizwe kila chumba na kuulizwa amesikia harufu gani, na akisema lolote asichekwe, iandikwe pamoja na dakika.

Kuhusu nyumba yake tunaweza kusema ilikuwa na amani, isipokuwa ugomvi mmoja uliodumu, ambao majirani wengi hawakuujua kiini chake. Fundi, kwa miaka yote baada ya 1988, kila alipoulizwa kibarazani au kwenye misiba kama huu ilikuwaje hata mkewe akaonekana anaosha chupa, alijibu kwamba yalikuwa mapipa yake, aliyachoma vibaya mwaka ule, na mkewe alimkingia kifua. Marehemu akisikia hivyo alimsahihisha hapo hapo mbele za watu, fundi akatikisa kichwa na kuwakonyeza wasikilizaji, nao wakamwamini yeye, kwa sababu ilikuwa hadithi tamu zaidi. Hivyo wengi wenu mliokaa hapa mnaijua hadithi ya fundi.

Tarehe 9 Juni 2021 marehemu aligunduliwa kuwa figo zake zimechoka, akaanza kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na siku ya kwanza alimwuliza muuguzi mashine ile inajuaje cha kuchukua na cha kuacha, muuguzi akamwita daktari, daktari akavuta kiti, wakaongea hadi zamu ikaisha. Tangu hapo alikwenda na daftari, akaandika uzito, shinikizo la damu na saa ya kila kichefuchefu, na daktari wake ametuambia kwamba kwa kulifuata daftari hilo alibadilisha muda wa dawa za wagonjwa wengine wanne. Hali ilibadilika mwishoni mwa mwaka jana, na mwezi Januari alimwita binti yake mkubwa, akamwamuru aandike yale yaliyosomwa hapa kuhusu mwaka 1988, akakagua tarehe zote, akasema, "Msinipambe. Semeni klorini, semeni sahihi ilikuwa yangu. Baba yenu atakataa, msimgombeze, mpeni muda."

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na dakika tano alasiri, akiwa amebakiza siku nane kutimiza miaka sabini na minne, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Ni kweli mume wake alikataa. Alikataa Ijumaa na Jumamosi, akasema hatakaa kusikia mkewe akisomewa makosa kama mtuhumiwa, na sisi hatukumgombeza. Jana asubuhi aliomba aonyeshwe karatasi, akaisoma yote kwa miwani ya mkewe, akasema isomwe kama ilivyo, ila iongezwe sentensi moja ambayo ni yake, na isomwe kwa jina lake, nayo ni hii: mapipa yangu yalikuwa mazima, alilosema mke wangu ndilo la kweli, na mimi niliwadanganya kwa miaka thelathini na sita kwa makusudi, na ningeendelea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa miaka mitatu na miezi tisa ya uangalizi na kwa kuvumilia maswali, inawashukuru majirani waliopokezana kumpeleka hospitali na kumrudisha, inawashukuru uongozi na wafanyakazi wa kiwanda kwa kusimamisha kazi leo, katikati ya kupakia shehena, na inamshukuru kila mmoja aliyefika hapa kwa miguu au kwa gari. Tukisahau jina la mtu, atusamehe na atukumbushe.

Dada yetu, umeulizwa mengi, umejibu unayoyajua na umekiri usiyoyajua, sasa weka kalamu chini, upumzike katika amani ya Mungu.